Mama Kabla Yetu: shajara ya mradi

Mwanzo wa mwaka

Naanza kuweka kumbukumbu za huu mradi hapa maana vitu vimeshakuwa vingi, sauti ziko kwenye simu, picha ziko kwenye bahasha za kaki, majina ya watu yako kwenye vikaratasi nimebandika kwenye friji, na nikiendelea hivi nusu itapotea kabla sijaifanyia kazi. Mradi wenyewe ni huu: nataka kujua maisha ya mama yangu tangu alivyoingia Dar mwaka 1975, binti wa miaka kumi na nane katokea Korogwe, mpaka 1984 alipomzaa kaka yetu mkubwa. Hapo katikati kuna miaka tisa ambayo sisi watoto hatunayo kabisa. Tunamjua mama wa kutuamsha shule, mama wa vikao vya wazazi, mama wa genge pale Tabata, mama wa "zima hiyo taa luku inaisha". Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mtu mwenye mshahara wake, chumba chake Manzese, mashoga zake, timu yake, na kuhusu huyo mtu tulichokuwa nacho ni picha chache na sentensi moja, "mi nilikuwa nafuma Urafiki", akishasema hivyo anahamia kwenye habari nyingine.

Ninachotaka kitoke ni kijitabu cha familia, picha na maneno yake kama alivyoyatamka yeye mwenyewe, na sauti zake pembeni ili wajukuu waje wasikie. Mama anaenda 68 sasa, anakumbuka vizuri, anacheka, anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Kwa hiyo ni sasa hivi, sio mwakani.

Vilivyopo

Bati la biskuti limeshushwa kutoka juu ya kabati. Ndani yake kuna picha za studio, kuna picha moja kubwa ya timu ya netiboli, kadi ya NPF, mfuko wa akiba wa wafanyakazi, imepauka, khanga pea moja imekunjwa na jina lake bado linasomeka "Wema hauozi", na bunda la vikaratasi vimefungwa na mpira ambavyo mama alisema niviache, "hivyo ni takataka tu za posta". Nimeviacha kwa sasa.

Picha zilizokuwa kwenye albamu ya zamani ile ya nailoni yenye gundi zimenipa kazi. Ukizivuta kwa mkono zinachanika. Nilichofanya ni kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha taratibu kama unakata sabuni, inabanduka yenyewe, na pale ambapo imeng'ang'ania kabisa nimepiga picha juu kwa juu nikaacha hivyo hivyo. Zilizotoka nimezipitisha kwenye skena mbele na nyuma, nyuma ni muhimu sana, kuna mihuri ya studio na kuna maandishi, nimeskani kwa ubora wa dpi 600 ili hata sura ndogo ya mtu wa mwisho nikiikuza nione. Kila picha ina namba, namba naiandika kwa penseli kwenye bahasha, sio kwa bairo na sio kwenye picha yenyewe. Mafaili nimeweka sehemu tatu, kwenye laptopu, kwenye flashi anayokaa nayo dada, na mtandaoni.

Kuna picha moja ya studio nimeiangalia mpaka nimechelewa kulala. Mama kavaa pekosi, ile suruali pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, afro imetengenezwa ikakaa duara kabisa, mkono kiunoni, nyuma yake kuna pazia limechorwa minazi na ndege, na anaangalia kamera kwa namna ambayo sijawahi kumuona akimuangalia mtu yeyote nyumbani kwetu. Yaani ni mtu anayejua amependeza. Mama mdogo alivyoiona akasema miaka michache tu kabla ya hapo usingetembea hivyo mjini ukiwa na amani, maana mwaka 1969 vijana wa TANU walikuwa kwenye Operesheni Vijana, wanapinga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, wasichana walikimbizwa mabarabarani. Mama yeye alikuta hayo yamepita. Mshahara wake wa kwanza, baada ya kutoa kodi ya chumba na hela ya nyumbani, ndio ukanunua raizoni.

Namna ya kumhoji

Nimeshajua kinachomfungua na kisichomfungua. Ukimuuliza "mama ulijisikiaje kuja mjini peke yako" anakwambia "kawaida tu mwanangu" na mazungumzo yamekufa. Ukimuuliza kuhusu baba anageuza inakuwa habari ya kutuhusu sisi. Lakini ukimuuliza kazi, ile kazi yenyewe, mkono gani ulikuwa unafanya nini, hapo anakaa vizuri kwenye kiti.

Jumapili nilimuomba tu anielekeze kufuma nguo kiwandani kunakuwaje, kama vile na mimi naanza kesho. Akaongea karibu saa nzima bila mimi kuingilia. Kwanza akanitenganishia, kuna wa kusokota nyuzi, kuna wa kufuma, kuna wa rangi na kuchapa maua, na hao wote hawajuani vizuri maana kiwanda ni kikubwa, pamba inaingia upande huu na khanga inatoka upande ule. Yeye alikuwa kufuma. Akasema hukai kwenye mashine moja, una mashine zako kadhaa unazizunguka, unatembea shifti nzima, na uzi ukikatika mashine inasimama yenyewe, sasa wewe kwenye ile kelele husikii kwamba imesimama, unaiona, jicho linajua. Unakwenda, unatafuta pale ulipokatikia, unaunga kwa fundo dogo sana, fundo likiwa kubwa litaonekana kwenye kitambaa, unaiwasha, unaenda nyingine. Nikamuuliza fundo lenyewe likoje. Akainuka akachukua uzi kwenye cherehani, akafunga kwa vidole viwili na kidole gumba, sikuona amefanyaje, akaukata kwa meno akanipa, nikauvuta kwa nguvu haukuachia. Nikamwambia rudia taratibu, akasema taratibu haliwezi, likifungwa taratibu linaharibika. Mwaka 1984 mpaka leo ni zaidi ya miaka arobaini na vidole bado vinajua.

Nimemrekodi kwa simu tu, nimeiweka juu ya kitambaa mezani ili isichukue mtetemo, feni nimezima, na simu imewekwa isipokee meseji. Nakata sauti vipande vya dakika kumi kumi, kila kipande nakipa tarehe na mada. Siandiki upya kwa Kiswahili cha shule, akisema "hawakuwagaga na maneno" naandika hivyo hivyo.

Kupanga miaka

Mama hakumbuki tarehe, na hakuna sababu ya kumlazimisha. Anakumbuka mambo. Kwa hiyo nimechora mstari mrefu kwenye karatasi za kalenda ya zamani, nikapigilia yale ambayo tarehe zake zinajulikana na kila mtu, halafu habari zake nazitundika humo. Kuzaliwa CCM, 5 Februari 1977. Hotuba ya Mwalimu ya kutangaza kumpiga Amin, 2 Novemba 1978, wameisikiliza kwenye redio ya betri ya mwenye nyumba, ua mzima umejaa watu. Unga wa njano ule watu waliouita unga wa yanga. Kifo cha Sokoine, 12 Aprili 1984, mama ana mimba ya kaka, anasema alilia mpaka wakamwambia atamdhuru mtoto.

Kadi ya NPF nayo imesaidia. Ule ndio mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulioanza 1964, ambao 1997 ukaja kuwa NSSF, na kadi inaonyesha ameingia 1976, kumbe mwaka mzima wa kwanza hakuwa kiwandani. Nilivyomuonyesha ndio akakumbuka, akasema ah, ule mwaka nilikaa kwa shangazi Magomeni namlelea watoto, asubuhi nikishawapeleka shule natembea kwa miguu mpaka getini Urafiki kuulizia kazi, nikiambiwa hamna narudi kupika. Kutoka Magomeni mpaka Ubungo kwa miguu, kwenda na kurudi, na jua la Dar. Hajawahi kutuambia hiyo.

Ile picha ya timu imepata mwaka wake kwa njia nzuri sana. Wako wasichana saba wamesimama na mpira mbele, na yule wa mwisho kulia kanyoosha mkono mmoja vidole vyote vitano na mkono wa pili kidole gumba. Miaka yote tulidhani anapunga. Nikaikuza kwenye laptopu mama akaiona akapiga kelele, "huyu! huyu alikuwa Simba!" Ni vidole sita. Simba iliifunga Yanga sita bila tarehe 19 Julai 1977, Kibadeni peke yake katia matatu, na mama ni Yanga wa damu, anasema wiki ile yule dada alikuwa anamnyooshea hivyo kila mahali, kwenye lango la kiwanda, kwenye foleni ya chakula, mpaka kwenye picha. Kwa hiyo picha ni ya mwishoni mwa Julai 1977 au hapo hapo karibu. Nimeiandika kwenye bahasha.

Netiboli

Hii inastahili sehemu yake maana mama akiianza anabadilika sauti. Alikuwa GA. Kwa ambao hamjacheza, kwenye netiboli mko saba na kila mmoja ana eneo lake, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, GS anakaa kwenye goli na GA anatoka mpaka katikati anarudi, kwa hiyo anakimbia kuliko GS na bado anatakiwa awe na shabaha. Hutembei na mpira, na hukai nao zaidi ya sekunde 3. Ringi iko juu mita 3.05. Mama ana urefu wa kawaida tu, akanieleza kwamba mtu mfupi anarusha akiwa hewani kabla beki hajainua mkono, na beki mrefu anachukia sana mtu wa hivyo.

Walikuwa wanacheza na timu za mashirika na viwanda vingine, michezo ya Mei Mosi ndio ilikuwa kilele chao. Mazoezi ni baada ya shifti ya asubuhi. Jumamosi kama hayuko shifti ya usiku wanakwenda dansi, kiwanda kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, yaani kulikuwa na wakati kiwanda cha nguo kina bendi na mshahara wa mpiga gitaa unatoka huko huko, na baadaye 1978 ikaja bendi ya Mlimani Park wakawa wanawafuata hao. Nikamuuliza mlikuwa mnaenda na nani? Akasema "na timu". Nikamuuliza wanaume? Akasema, "wanaume walikuwepo ukumbini, sisi tulienda kucheza." Nimeiweka hiyo sentensi ukurasa wake peke yake.

Nilienda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, na siku nyingine chuo kikuu Mlimani, kutafuta kwenye magazeti ya zamani ya Uhuru na Daily News kama kuna hata mstari mmoja kuhusu hiyo timu. Michezo imejaa Simba, Yanga, Pan African, ndondi, riadha. Netiboli ya wanawake wa viwandani unaikuta mara chache na kwa ufupi, majina hamna. Kuhusu kiwanda chenyewe utapata mengi, kwamba kilijengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968, nani alitembelea, mitambo ilikuwaje. Hayo ni sawa yaandikwe. Lakini walioziendesha hizo mashine usiku wa manane hawapo kwenye hayo maandishi, na wengi wao bado wako hai wanaishi humu humu Dar, Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto, wanasubiri mtu wa kuwauliza. Hilo limenifanya nione hiki kijitabu sio cha familia yetu peke yetu.

Vikaratasi vya posta

Nimechukua muda kuandika hii sehemu.

Mama mwenyewe ndiye aliyefungua lile bunda. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, tumekaa nje, akaja nalo akasema "si ulivitaka". Mpira ulishakauka ukakatika alivyougusa. Ni stakabadhi za hawala ya posta, yaani risiti za hela aliyotuma kwa posta, karatasi ndogo ndogo zenye muhuri, nyingine wino umefutika kabisa, kuanzia 1976 mpaka 1981. Karibu zote zinaenda kwa mtu mmoja na huyo mtu ni mjomba.

Inabidi nieleze mjomba ni nani kwetu. Mjomba ni mwalimu mstaafu, ndiye msomi wa ukoo, ndiye aliyemjengea bibi nyumba ya bati Korogwe, kwenye misiba ndiye anayezungumza kwa niaba ya familia. Tumekua tunaambiwa mfuateni mjomba wenu, angalieni mjomba alivyosoma. Alisomaje hatukuwahi kuuliza, tulijua serikali ya Mwalimu ilisomesha watu bure. Na kweli sekondari za serikali zilikuwa hazitozi ada, ila nafasi zilikuwa chache mno, watoto wengi waliomaliza la saba hawakuchaguliwa, na mjomba hakuchaguliwa. Akaenda shule ya wazazi ya kulipia. Babu alikuwa kibarua wa mkonge na mkonge bei ilishaporomoka. Aliyelipa ni mama.

Nimekaa na zile stakabadhi na kikokotoo. Kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi tangu 1975 mpaka kilivyopanda kuwa 480 mwaka 1980, na mama anasema alianzia hapo hapo kwenye kima cha chini. Kuna hawala ya shilingi 60, kuna za 80, kuna moja ya 200 ya Januari ambayo ndio ada yenyewe. Zaidi ya nusu ya mshahara kwenye bahasha moja! Nikamuuliza mwezi huo ulikula nini. Akasema upatu, walikuwa wanacheza upatu wanawake wa shifti yao, kila mwezi anapokea mmoja, na yeye aliomba zamu yake iwe Januari kila mwaka kwa sababu ya ada, na wenzake walimpa miaka yote hiyo bila kugombana. Wasichana wa miaka ishirini, ishirini na moja, kila mmoja ana shida zake, wanamwachia mwenzao Januari ili mdogo wake asome.

Nikamuuliza kwa nini hukutuambia. Akaangalia zile karatasi akasema, "mjomba wenu ni mwanaume, ana watoto, ana heshima yake. Ningesema ili iweje?" Sikumjibu. Hiyo sehemu ipo kwenye sauti na nimemuuliza mara mbili kama nibaki nayo, akasema baki nayo.

Manzese

Tumeenda na mama kutembea, mwendokasi mpaka kituo cha Urafiki halafu tukarudi kwa miguu upande wa Manzese. Nilikuwa na ramani nimechapisha ili aweke alama. Chumba chake hakipo, pale pana ghorofa na chini wanauza simu, lakini alikijua mahali kwa kuhesabu vichochoro kutoka barabara ya Morogoro, akasimama akasema hapa mlango, hapa bomba la maji la mtaa mzima, hapa kulikuwa na mama anauza mihogo asubuhi tukitoka shifti ya usiku. Kijana wa duka la simu akamletea kiti bila kuulizwa. Akamwambia, "bibi kaa, ulikuwa unaishi hapa?" Mama akasema "nilikuwa naishi hapa kabla baba yako hajazaliwa, na nililipa kodi mwenyewe."

Alama zote ziko kwenye ramani. Picha za siku hiyo ni chache, jua lilikuwa kali nikaona bora nimsikilize.

Kigamboni

Yule dada wa vidole sita tumempata! Ilivyotokea ni kwamba niliikata ile picha ya timu nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya ya mama kanisani, wao wakaipeleka kwenye magrupu mengine, ikazunguka huko, mpaka mjukuu wake akaandika "huyu wa mwisho ni bibi yangu". Anakaa Kigamboni. Yeye ni mkubwa kwa mama miaka mitatu, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa, na alivyonipokea ndivyo alivyokuwa, nikamwamkia shikamoo akanishika uso wote akasema "huyu ndio GA mtupu".

Walikuwa hawajaonana tangu 1984, baba alivyohamishiwa Tabora na shirika la reli mama akaacha kazi akamfuata, simu hamna, barua zikakatika. Sikuwasogelea mwanzoni, nikaweka simu mezani nikaenda kusaidia jikoni. Sebuleni kulikuwa na wajukuu, televisheni iko juu, mtu anatwanga kisamvu nje, kelele tupu, na niliporudi nikawakuta wanaongea wameangaliana toka kiti hiki mpaka kiti kile na hakuna sauti inayotoka. Midomo inaenda, nyusi zinaenda, mkono kidogo, halafu wote wawili wanacheka. Wajukuu wamenyamaza wanawashangaa. Ndivyo walivyokuwa wanaongea kwenye mashine, kelele ile huwezi kushindana nayo, unasoma mdomo wa mwenzako aliye mashine ya tano, na hii lugha wameikuta iko vile vile walivyoiacha. Kwenye rekodi yangu kipande hicho ni televisheni tu na kinu. Nikawauliza mlikuwa mnasema nini. Mama mkubwa akasema, "hayo ya kwetu, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Baadaye walikubali nichukue video kidogo waonyeshe wanavyofanya, wakaigiza mambo ya kazini, uzi umekatika, supavaiza anakuja, saa ngapi, njaa inauma. Video ni nzuri na itaingia. Ile nyingine ni yao.

Mama mkubwa katoa majina ya wote saba na nafasi zao, GS yeye, GA mama, senta alikuwa binti wa Kilwa ambaye ameshafariki, GK, mlinzi wa goli, yuko Morogoro na namba yake ya simu ipo. Kasema pia kitu ambacho mama alikiruka: mwaka 1980 mama alikuwa anasoma jioni, ile elimu ya watu wazima, alitaka afanye mtihani wa kidato cha nne, alifika mbali, halafu maisha yakaingia. Mama alikuwa amekaa pale pale, akasema "hesabu ndio zilikuwa zinanipenda". Nimeandika pembeni ya daftari nimuulize siku yake, tukiwa wawili.

Makubaliano na mama

Tumekaa tukapanga na nimeandika ili kusiwe na utata. Kila sura anaisomewa kabla haijachapwa. Akisema toa, inatoka, na simuulizi sababu. Mtu aliyetajwa kwa baya jina halitokei. Stakabadhi za posta zitatokea kwenye kitabu kama picha, lakini kabla ya hapo mjomba aambiwe na mama mwenyewe, sio mimi.

Akampigia simu Jumatano. Mimi nilikuwa chumbani nasikia upande wake tu, "ndio... ndio... we acha... hapana, mtoto ndio kazitoa". Usiku mjomba akanitumia sauti, ndefu, na mjomba sio mtu wa kutuma sauti. Kasema alidhani sisi tunajua. Kasema kila mwaka matokeo yakitoka aliyekuwa anapelekewa habari wa kwanza sio babu, ni dada yake Dar. Halafu akasema barua alizokuwa anaandikiwa pamoja na zile hawala anazo zote, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, hajawahi kutupa hata moja, na kama ninazitaka nifuate.

Barua! Mama wa miaka kumi na tisa, ishirini, ishirini na mbili, kwa mwandiko wake, anamweleza mdogo wake Dar ikoje. Nililia, nasema ukweli.

Wiki hii

Sauti zote mpaka Kigamboni zimeshaandikwa isipokuwa vipande viwili vya mwisho. Ramani ya Manzese imechorwa upya safi. GK wa Morogoro kapigiwa simu na mama, wameongea mpaka salio likaisha, tutamfuata baada ya Pasaka. Kaka amejitolea hela ya kuchapa.

Tunaenda Korogwe Ijumaa, mimi na mama, basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Magufuli. Nabeba skena ndogo, bahasha za kaki, penseli, na laptopu ikiwa imejaa chaji maana umeme kule siuamini. Mama kaweka sharti moja, barua atazisoma yeye kwanza, zote, peke yake, halafu atanipa zile anazotaka nizione na zingine zitarudi kwenye sanduku. Nimekubali. Mjomba kaambiwa asilifungue mpaka dada yake afike.